Bomba limekauka, tumuulize nani? Majibu ya maswali yenu

Mwezi huu meseji kutoka Lindi na Mtwara zimekuwa za maji, maji, maji, nikaona nisizichanganye na mambo mengine. Nimechukua tatu. Nimezifupisha kidogo.

SWALI: Shikamoo mhariri. Sisi tupo bonde la Lukuledi upande wa Mtama. Tuliletewa mradi wa maji ya mserereko kutoka kwenye chemchemi ya juu, ukazinduliwa kabisa na ngoma zikapigwa, basi miezi kama minane hivi maji yakaanza kutoka na matope, baadae yakawa yanatoka alfajiri tu, sasa hivi hayatoki kabisa. Diwani anasema maji siku hizi sio ya halmashauri. RUWASA, yaani wakala wa maji vijijini, wanasema kaulizeni chombo chenu cha watumia maji. Mwenyekiti wa chombo anasema hela hamna. Tumuulize nani? *Mama wa watoto wanne, Mtama*

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na poleni sana. Hao wote watatu wamekwambia ukweli nusu, na ndio maana inauma, kwa sababu nusu tatu za ukweli hazijazi hata dumu moja.

Ngoja nikufafanulie. Zamani injinia wa maji alikuwa mtu wa halmashauri, mkurugenzi anamtuma, madiwani wanambana. Ikaja Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019, ikaanzisha RUWASA, wakaanza kazi Julai mwaka huohuo, na mainjinia wakahamia huko chini ya Wizara ya Maji. Kwahiyo diwani wako ni kweli hawezi kumuamrisha meneja wa RUWASA. Ila kumuuliza kwenye kikao cha baraza anaweza, tena mbele ya watu, na hiyo ndio kazi mliyomchagulia, asikukwepe kwa kusema sio ya kwake.

Chombo cha watumia maji nacho ni chenu kweli, kipo kwa sheria hiyohiyo, kinakusanya hela ya ndoo, kinalipa fundi na mlinzi na kununua koki. Lakini kama ni chenu maana yake daftari nalo ni lenu. Mapato na matumizi lazima msomewe. Mwenyekiti akisema hela hamna, mwambieni asome tangu siku bomba la kwanza lilipofunguliwa, ndoo ngapi, shilingi ngapi, zimekwenda wapi. Sisemi kaiba. Nasema asome.

Sasa hapo kwenye matope ndipo nataka tukae, maana umelitaja kama jambo dogo wakati ndio jibu lenyewe. Bomba likipasuka maji yanapungua, pengine yanaingia mchanga kidogo siku ya mvua. Lakini maji yakianza kwa kuchafuka, halafu yakapungua taratibu mpaka yakaisha, hapo anza kwa kuangalia juu kwenye chanzo kabla hujachimbua bomba. Nilishawahi kupanda mpaka kwenye chanzo cha mradi kama wenu, kijiji sitakitaja, tulikuwa mimi na mzee mmoja aliyekuwa mlinzi. Banio, yaani ule ukuta wa kukinga maji kwenye chanzo, limejengwa vizuri tu, zege halina hata ufa. Nikachutama nikaingiza mkono, ulizama mpaka kiwiko kwenye mchanga, chujio lipo chini huko limefunikwa na udongo na mizizi iliyooza. Juu yake, hatua kama thelathini hivi, mtu kafyeka mteremko mzima kapanda ufuta, visiki vya mikuyu bado vina alama za moto. Mzee akaniambia hapa mwanangu palikuwa na kivuli cha kuwasha taa mchana. Mradi ule mkandarasi alilipwa, na sidhani kama alikosea kitu, ila hakuna kikao hata kimoja kilichokaa kuuliza hilo shamba la juu ni la nani na tunafanyaje.

Na huku kwetu jambo hili ni kubwa kuliko sehemu nyingi kwa sababu ya jinsi ardhi ilivyo. Uwanda wa Makonde juu ni mchanga mwekundu mzito, mvua ikinyesha Newala au Tandahimba haikai juu ikawa mto, inazama, halafu inakuja kutokea huku chini kwenye miguu ya uwanda, ndio hizo chemchemi za Ndanda na Nyangao, ndio na maji ya Mbwinji wanayokunywa Masasi na Nachingwea. Hata watu wa juu wenyewe wanasukumiwa maji kwa pampu kutoka bondeni Mitema kule Kitangari. Yaani anayechoma mkaa juu anaweza akawa wilaya nyingine kabisa na wewe unayekosa maji chini. Ndio maana sheria ya rasilimali za maji, Na. 11 ya 2009, haikuachia kila halmashauri iamue peke yake, inasimamia maji kwa mabonde tisa ya nchi nzima, na sisi tupo Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, bodi yake ipo Mtwara. Hao ndio wanaotoa kibali cha kuchota maji ya mradi. Waandikieni barua, muwaombe waje wapime na waweke bikoni, yaani alama za mipaka, kwenye eneo la chanzo.

Lakini usisubiri barua ijibiwe. Ardhi ya mteremko ule kama ni ya kijiji, mwenye kauli ya kwanza ni kijiji. Mkutano mkuu wa kijiji ni wenu wote mliofika miaka 18, na unatakiwa uitwe angalau kila baada ya miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji inaandika sheria ndogo ya kulinda chanzo, mnaijadili mkutanoni, kata inaipitia, halafu inapelekwa baraza la madiwani kupitishwa. Hapo sasa ndipo diwani wako anaposhika kalamu mwenyewe, hapo hawezi kusema sio kazi yangu! Viongozi wa kijiji mmewachagua Novemba 2024, waulizeni mkutano wa mwisho ulikuwa lini. Na mwenye ufuta mumkalishe mzungumze, mumtafutie shamba lingine, msimvamie na mapanga, nae ana watoto.

Kitu kimoja cha mwisho kwenye hili. Kila lita ya petroli na dizeli inakatwa shilingi 50 zinakwenda Mfuko wa Taifa wa Maji, na huo mfuko kisheria unaruhusiwa kugharamia utunzaji wa maeneo ya vyanzo pia, sio mabomba na matenki tu. RUWASA wakija kupanga bajeti ya ukarabati wenu, ombeni na miche na bikoni viingie humohumo kwenye bajeti. Mkiomba bomba tu mtaletewa bomba tu.

SWALI: Nina mikorosho kumi na minne kando ya mto, Nanyumbu, kaipanda marehemu baba. Mtendaji kasema mita 60 hakuna kulima, nikate. Ni sheria ya nani hiyo, na mimi nile nini? *Mkulima, Nanyumbu*

JIBU: Pole sana mzee wangu. Mita 60 sio maneno ya mtendaji, ipo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004, kifungu cha 57, na hata Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaitaja ardhi hiyo kuwa hatarishi. Lakini isome vizuri, inachokataza ni shughuli za kudumu au zile zinazoweza kuharibu mazingira ya mto. Mimi ninavyoona kulima kwa jembe mpaka kwenye kingo, kila msimu unageuza udongo, ndio kunakoua mto, mvua moja kubwa tu udongo wote unaingia majini. Mkorosho wa miaka arobaini wenye mizizi yake pale unashika udongo, na kuukata leo ili kesho pabaki peupe naona ni kuharibu zaidi, tena kwa jina la kutunza.

Kwahiyo usikate na usigombane. Nenda ofisini na uombe mambo mawili kwa maandishi, kwanza wapime mbele yako, kutoka kwenye kingo za mto, isiwe kwa macho, pili suala lako liingie kwenye mkutano mkuu kabla mtu hajagusa mti. Upande wako na wewe acha kulima chini ya hiyo mikorosho, acha majani na matete yarudi, na usipande mingine mipya humo. Mkipewa miche muikubali, ila iwe miti rafiki wa maji kama mikuyu, mikaratusi ikataeni hata ikiwa ya bure maana inavuta maji vibaya mno. Ukionekana umeanza mwenyewe, hata mabishano mkutanoni yanakuwa mepesi.

SWALI: Msimu wa kupuliza mikorosho unakuja, mashine tunaoshea kwenye kisima cha chini ya mteremko maana ndio maji ya karibu. Kuna ubaya? *Kijana wa Newala*

JIBU: Upo mdogo wangu, acheni kuanzia msimu huu. Salfa ya unga pengine utaona mbona haidhuru, ila hizo dawa za kupuliza zilizo majimaji ni sumu, na kisima hicho jioni kuna bibi anakuja kuchota ya kupikia. Chota maji kwenye ndoo, panda nayo juu, oshea shambani mbali na njia ya maji ya mvua, na yale ya kuoshea mwaga hapohapo kwenye shamba mlilopuliza. Makopo yaliyoisha toboeni, msiyafanye ya kuchotea maji, hata yakioshwa mara ngapi.