Tairi zinachanika ubavuni kwenye mawe ya Goma: upana gani, upepo kiasi gani, na njia ipi?

SWALI: Mimi ni mkaaji wa Himbi, hapa Goma. Nina baiskeli ya lami yenye tairi za 700x25. Mbele, gia ndogo ina meno 39. Nyuma, kubwa kabisa ina meno 25. Uzito wangu ni kilo 78. Kila juma napata pancha mbili au tatu, na mwezi huu tairi mbili zimechanika ubavuni. Fundi wa mtaani ananiambia nijaze upepo mpaka tairi iwe ngumu kabisa, mwenzangu ananiambia nipunguze. Nataka siku moja niende Sake na kurudi, siku nyingine nipande hadi Kibati, na Jumapili nipite vijia vya Mugunga mpaka Lac Vert, lile ziwa dogo. Baiskeli hii itaweza? Na ni nini hasa kinachokata tairi zangu?

JIBU: Ndugu yangu, wote wawili wanakushauri juu ya upepo, na shida yako ni upana. Tairi ya milimita 25 haina kipimo cha upepo kinachofaa Goma. Ukiijaza sana, haibonyei juu ya jiwe, basi jiwe linaingia. Ukiipunguza, rimu inashuka na kuibana tyubu. Sake utafika kwa baiskeli hiyo ukibadilisha tairi. Kibati pia, kwa subira. Lac Vert usiipeleke. Tafuta baiskeli ya mlima, hata ya zamani ya inchi 26.

Mawe yetu si kama mawe ya mtoni. Ya mtoni yamesuguliwa na maji miaka mingi hadi yakawa mviringo. Ya Goma ni machanga: lava ya volkeno ya Nyiragongo ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji, na juu yake watu wamejenga tena nyumba na barabara. Lava inapopoa haraka, ngozi yake huwa karibu na kioo, na ikipondwa na malori inatoa kingo kama za chupa iliyovunjika. Tairi ya gari inastahimili. Ubavu wa tairi ya baiskeli ya lami ni nguo nyembamba iliyopakwa mpira kidogo tu, na ndiyo maana sehemu inayokanyaga inabaki nzima wakati ubavu umefunguka.

Kabla ya kununua chochote, jifunze kusoma tundu. Unapofunga tairi, weka maandishi yake sawasawa na vali kila mara. Hapo ukipata tundu kwenye tyubu unajua papo hapo utafute wapi kwenye tairi. Toa tyubu, ijaze, ipitishe karibu na mdomo usikie upepo. Matundu mawili madogo yaliyo sambamba maana yake rimu imeibana tyubu: upepo ulikuwa mdogo. Tundu moja upande wa nje, na tairi ina mkato mahali palepale, ni jiwe. Tundu upande wa ndani, ule unaotazama spoki, ni utepe wa rimu uliohama; hapo utabadilisha tairi kumi bila kupona. Na tyubu ikichanika kwenye shina la vali, tairi ilikuwa inateleza juu ya rimu kwa kukosa upepo, au pampu inavutwa huku na huku wakati wa kujaza.

Sasa vipimo vya upepo, kwa mtu wa kilo 78 mwenye tyubu za kawaida. Tairi ya milimita 28 kwenye lami: bar 4.8 mbele na 5.3 nyuma, yaani psi 70 na 77 kwa pampu zinazoonyesha psi. Milimita 32: bar 3.8 na 4.2. Milimita 40 au 42 kwenye barabara ya udongo na changarawe: 2.8 na 3.2. Tairi ya mlima ya inchi 2.2 juu ya lava: 1.7 na 2.0. Gurudumu la nyuma linabeba uzito zaidi, ndiyo sababu ya tofauti. Ukipakia mzigo wa kilo 10 nyuma, ongeza bar 0.3 huko nyuma tu. Lakini pima kwanza nafasi: kati ya tairi na uma, na kati ya tairi na breki, ibaki walau milimita 4 kila upande. Jiwe dogo likikwama hapo linakula rangi, kisha linakula fremu. Fremu nyingi za zamani za lami zinaishia kwenye 28, na yako pengine ni hivyo. Ukiwa dukani, bonyeza ubavu wa tairi kwa vidole viwili: ukijikunja kama karatasi, uache hata kama bei ni nzuri. Tairi nzito yenye ubavu ulioongezwa mpira itakupunguzia mwendo kidogo, nami nakubali hasara hiyo bila kusita katika mji huu.

Ubavu uliochanika chini ya sentimita moja unaweza kuokolewa. Kata kipande cha tairi ya zamani nyembamba, kiasi cha sentimita 3 kwa 5, bila ule ukingo wenye waya. Punguza kingo zake kwa wembe hadi ziwe nyembamba, la sivyo zitaitoboa tyubu siku chache baadaye. Sugua kwa msasa ndani ya tairi na kwenye kipande, paka gundi ya viraka pande zote mbili, ngoja dakika 5 hadi gundi ising'ae tena, ndipo ubandike na kugandamiza. Kosa la kawaida, hata la mafundi, ni kubandika gundi ikiwa bado mbichi: inashika leo, kesho kiraka kinateleza. Tairi iliyoshonwa kwa uzi wa nailoni bila kipande ndani usiiamini kwenye mteremko, kwa sababu uzi unausaga mpira kila gurudumu linapozunguka. Na mkato ukifika kwenye waya wa ukingo, hakuna tena cha kutengeneza, itupe.

Barabara ya Sake ndiyo ya kuanzia. Ni kama kilomita 25 kutoka mjini, kupitia Katindo, Ndosho, Mugunga na Mubambiro, na mipando yake ni midogo. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi, kabla motari na malori hawajajaa. Usipite ukingoni kabisa. Magari yanafagia vipande vya lava kutoka katikati na kuvisukuma pembeni, kwa hiyo ukingo ambao unauona salama ndio unaokukata. Shika mstari ambapo tairi za magari zinapita, kama mita moja kutoka ukingoni, usiyumbe, na geuza shingo mara kwa mara. Mvua ikinyesha, rudi au punguza mwendo: mpira uliolowa unakatika upesi kuliko mkavu, na maji yanayashikisha mawe madogo kwenye tairi hadi yazame kidogo kidogo. Ukifika nyumbani, zungusha gurudumu taratibu na utoe vipande vyote kwa ncha ya msumari. Dakika tatu hizo zinapunguza pancha za juma linalofuata. Huko Sake barabara inagawanyika, moja inapanda kuelekea Masisi, nyingine inazunguka ziwa hadi Minova. Kwa tairi zako, Sake ndiyo mwisho.

Jambo moja kuhusu upande huo sitaki ulipite haraka. Kati ya Goma na Sake, hasa Bulengo, Mugunga na kandokando ya Lac Vert, kuna mazuku. Ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inajaa mabondeni na kwenye mashimo ya lava. Huioni wala huinusi. Inazidi usiku na alfajiri, wakati hakuna upepo wa kuitawanya. Mtu aliyesimama anaweza kupumua vizuri huku aliyechuchumaa kando yake anazimia, na mwendesha baiskeli mwenye pancha hufanya nini? Anatafuta kivuli kwenye kishimo na kuchuchumaa. Usifanye hivyo kamwe. Sukuma baiskeli hadi mahali palipoinuka, ndipo ugeuze magurudumu juu. Ukiona wadudu, mijusi au ndege wamekufa mahali pa chini, ondoka bila kuchunguza. Kwa sababu hiyo safari ya Lac Vert nakupangia kuanzia saa tatu asubuhi, jua likiwa limepanda na upepo wa ziwa umeamka. Njia yenyewe ni fupi. Juu ya lava ya zamani shuka kwenye tandiko, simama juu ya pedali zote mbili zikiwa sawa, na uache baiskeli ichezecheze chini yako. Anayekaa anaibamiza rimu.

Kibati iko kwenye kimo cha karibu mita 1,900, na ziwa liko 1,460. Ni mita 400 na zaidi ndani ya kilomita zisizozidi 15 kutoka katikati ya mji, kwa hiyo wastani ni kama mita 3 kwa kila mita 100. Hesabu hiyo haitishi. Kwa meno 39 na 25, mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza mita 3.3, ukizungusha mara 60 kwa dakika unaenda kilomita 12 kwa saa. Mwili wa kawaida unaweza. Kinachowashinda watu ni kutoka mjini kwa kasi ya lami tambarare, wakafika mahali mpando unapoongezeka mara mbili bila nguvu iliyobaki. Ukitaka gia nyepesi, anza nyuma: weka seti ya gia inayofika meno 28, ambayo mkono mfupi wa kawaida wa kuhamisha gia hubeba, na upime tena urefu wa mnyororo. Usinunue gia ya mbele ya meno 34 kabla ya kupima duara la bolti, yaani lile linalopita kwenye bolti zinazoishika gia hiyo: kwenye duara la milimita 130 haiingii, huko mwisho ni 38; inahitaji duara la 110.

Kushuka kutoka Kibati ni kazi ngumu kuliko kupanda. Unakutana na chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zilizopakia makaa, viazi na kabichi, na breki yao ni kipande cha tairi kinachokanyagwa kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Mwenye chukudu hawezi kusimama kwa ajili yako. Mpishe, na usimpite kwenye kona. Lava ya Mei 2021 iliikata barabara hii, na mawe ya kando yake bado ni makali. Kabla ya kushuka, toa vijiwe kwenye raba za breki kwa ncha ya kisu. Chembe moja ya lava inachimba mfereji kwenye rimu ya alumini. Njia ya kupanda volkeno ya Nyiragongo ni ya Hifadhi ya Virunga, haipitiwi na baiskeli.

Kila asubuhi uliza madereva waliotoka upande unaokwenda kama barabara ni wazi. Kandokando ya Sake, na ya Kibumba mbele ya Kibati, mapigano yameacha makombora ambayo hayajalipuka: hata ukibanwa na haja, usitoke kwenye njia iliyokanyagwa, wala usiguse chuma usichokijua.

Vumbi jeusi linasaga mnyororo haraka. Pima pini 25 zinazofuatana, kutoka kati ya ya kwanza hadi kati ya ya mwisho: mnyororo mpya ni milimita 304.8. Ukifika 306.5 badilisha, ukiuacha hadi 308, gia za nyuma nazo zimekwisha. Tone moja la mafuta kwa kila kiungo, kisha futa nje mpaka kitambaa kitoke kikavu.

Kwa Lac Vert beba tyubu mbili, vipande viwili vya tairi vilivyokatwa tayari, msasa, gundi ambayo haijafunguliwa, pampu, na vijiti vitatu vya plastiki vya kutolea tairi. Bisibisi iache nyumbani, itaitoboa tyubu mpya kabla hujaijaza.