Fundi Anajibu: “Wameniambia niiskani fomu, na skana ndiyo mbovu”

Fundi, mwangaluka. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Nyegezi, hapa Mwanza, si mbali na njia ya kwendea Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Barazani nimeweka meza, kompyuta moja na printa ile ya matanki ya wino, inayochapa, kutoa kopi na kuskani. Wateja wangu ni wanafunzi. Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ukifika, hapa kwangu panajaa. Kila mtu na cheti chake cha kuzaliwa mkononi, anataka kiskaniwe akipandishe kwenye mfumo.

Printa niliinunua mjini miezi minane iliyopita kwa shilingi 620,000. Risiti ya EFD ninayo, waranti ni ya mwaka mmoja. Miezi sita ya kwanza sina neno. Kisha ukaanza mstari mweupe, mwembamba kama uzi, unashuka toka juu ya karatasi hadi chini. Kwenye karatasi tupu huuoni, lakini kwenye picha ya pasipoti unampasua mtu uso. Nikafuta kioo, nikafuta tena, upo pale pale. Wiki tatu baadaye ikaanza kugonga: nikibonyeza kuskani, ndani kunalia ka-ka-ka-ka kama mtu anabisha hodi, taa nyekundu inawaka, basi. Kuchapa inachapa vizuri mpaka leo.

Nilirudi dukani. Kijana akaniambia, “Mama, sisi tunauza tu, piga namba iliyo kwenye boksi.” Nikapiga, wako Dar. Mara ya kwanza wakasema nizime niwashe. Mara ya pili niondoe programu kwenye kompyuta niweke upya; nikamlipa kijana 15,000 akaiweka. Mara ya tatu nilisikilizishwa muziki hadi salio likakaribia kwisha, ndipo nikaambiwa ni umeme wa Mwanza. Mara ya nne dada mmoja, mpole kweli, akasema wamenitumia fomu kwa barua pepe: niichape, niijaze, niisaini, halafu niiskani niwarudishie. Nikamuuliza, niiskani kwa mashine ipi, mwanangu? Akanyamaza, kisha akasema, “Huo ndio utaratibu, mama.” Sasa wanataka nisafirishe mashine hadi Dar kwa gharama zangu. Kuna fundi hapa jirani anasema ataifungua kwa 30,000. Nifanyeje?

Mama Steshenari, Nyegezi

JIBU: Mwangaluka mama, mhola duhu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ya pili nilikuwa nacheka, unisamehe. Nimetengeneza mashine za kopi pale Makoroboi miaka mingi, mpaka mgongo uliponikataza kubeba mizigo, na sijawahi kukutana na fomu ya namna hiyo. Ila hiyo fomu ipige picha kwa simu, uitume. Hakuna atakayekuuliza ilipita kwenye kioo gani.

Fundi jirani mwambie asubiri. Simkosoi, huenda anaijua kazi kuliko mimi. Lakini bisibisi ikishapita kwenye mashine yenye waranti ya miezi minne mbele, dukani watapata sababu ya kukufungia mlango, na safari hii watakuwa na haki.

Sasa fanya jaribio moja ambalo kwenye simu zote nne hakuna aliyekuambia. Zima kompyuta. Chomoa waya wa USB kwenye printa kabisa, ubaki umelala mezani. Weka karatasi kwenye kioo, funika, ubonyeze kitufe cha kopi kwenye printa yenyewe. Kutoa kopi ni kuskani na kuchapa, yote humo humo ndani ya mashine, kompyuta haina mkono. Ikigonga ka-ka-ka-ka na taa nyekundu ikawaka, basi programu haikuwahi kuwa na kosa, na zile 15,000 zako zilikwenda na maji.

Jaribio hilo lirekodi kwa simu, video moja bila kukatakata: waya uliochomolewa, stika ya nyuma yenye namba ya mashine, kidole chako kikibonyeza, mlio, taa. Dakika moja inatosha. Nakuambia hivi kwa sababu najua upande wa pili wa simu ukoje. Yule dada hakudharau. Mbele yake kuna orodha ya maswali, na hawezi kuruka la tatu kabla hujajibu la pili. Orodha hiyo huanzia kwenye kompyuta, kwa sababu malalamiko mengi ya skana kweli huishia huko. Ukipiga bila ushahidi, kila siku anapokea mtu mpya na wewe unaanzishwa upya, “zima uwashe.” Ukiwa na video, maswali yote ya kompyuta yamekufa kwa mpigo. Na kila ukipiga, dai namba ya lalamiko lako. Wakisema hawana namba, andika tarehe, saa na jina alilojitaja aliyekujibu.

Hoja ya umeme usiipuuze, maana umeme mbaya unaua printa kweli. Ila kwa kawaida unaua ubao wa umeme, na ubao huo ndio unaolisha mashine nzima. Ungekuwa umeungua usingechapa hata ukurasa. Tena geuza mashine usome lebo: nyingi zimeandikwa volti 100 hadi 240, au 220 hadi 240, na umeme wetu ni wa volti 230. Mashine iliyoletwa kuuzwa Tanzania imetengenezwa kwa umeme wa Tanzania, Mwanza ikiwemo.

Nikuambie ninachokishuku. Chini ya kioo kuna kichwa chembamba chenye taa, kinavutwa na mkanda kwenye reli. Kabla hakijasoma karatasi yako, kichwa hicho huenda kwanza pembeni, chini ya fremu ya plastiki pasipoonekana, ambako kumebandikwa utepe mweupe. Kinautazama utepe huo ili kijue “nyeupe” ni ipi. Punje ya uchafu ikikaa juu ya utepe, sehemu ile ya kichwa inadhani taa imefifia, inaongeza mwanga, na ikija kwenye karatasi inapaka mstari mweupe toka juu hadi chini. Ndiyo maana kwenye karatasi tupu huuoni na kwenye uso wa mwanafunzi unauona. Umefuta kioo mpaka kimeng'aa, lakini uchafu uko upande wa pili wa kioo.

Pembeni ya utepe huo, kwenye mashine nyingi za nyumbani, kuna alama nyeusi. Hiyo ndiyo kizingiti cha kichwa: kikiiona kinajua kimefika nyumbani, kinasimama. Kisipoiona kinaendelea kusukuma ukuta. Hiyo ndiyo hodi unayoisikia. Inaweza pia kuwa mkanda umeruka meno, au ule waya bapa kama utepe umelegea. Inua mfuniko mashine ikiwa inaanza: taa ikiwaka, waya huenda ni mzima, isipowaka, mashaka yangu yanahamia kwenye waya.

Na uchafu wenyewe unatoka wapi? Unakaa ufukweni, mama. Wale wadudu wa ziwani wanaoinuka juu ya maji kama moshi, jioni wakavamia kila penye taa, wanapenya hata pasipopita kalamu. Niliwahi kuitwa nyumba moja ya wageni Capri Point, mashine ya kopi ina michirizi. Nilipofungua niliwazoa kwa kijiko. Hao baraza lako linawajua. Usiku funika printa kwa kitambaa kizito, na balbu ya barazani isiwe juu yake.

Lakini hayo ya wadudu ni mazungumzo yangu na wewe. Dukani usiyataje. Si kwamba nakufundisha kudanganya: hujaifungua, hujaona ndani, mimi mwenyewe nakisia nikiwa mbali. Wewe eleza mashine inafanya nini. Kwa nini inafanya hivyo ni kazi ya fundi wao kuithibitisha. Nimeona wateja wengi wakipoteza waranti kwa mdomo: anafika kaunta, anaanza, “nadhani watoto walimwagia…” Kwisha.

Ndiyo, nimesema dukani. Hapo ndipo walipokuchezea zaidi. Fedha zako 620,000 hukuwapa watu wa Dar, ulimpa mwenye duka, na risiti ya EFD ina jina lake. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka anayefanya biashara ya bidhaa fulani auze kitu chenye ubora unaofaa kuuzwa. “Sisi tunauza tu” ndiyo sababu hasa anawajibika, maana ni yeye aliyeuza. Kama ana mkataba na msambazaji wa Dar, asafirishe yeye.

Usirudi kwa maneno matupu. Andika barua ya nusu ukurasa: tarehe ya kununua, namba ya risiti, namba ya mashine, tatizo lilianza lini, ulipiga simu siku zipi ukaambiwa nini, na unataka nini. Taja moja: itengenezwe, au ibadilishwe, ndani ya siku 14. Nakala mbili, wagonge mhuri kwenye ya kwako. Mwulize meneja, si kijana wa kaunta. Kijana hana madaraka, ukimfokea unamwonea bure. Siku hizo zikipita kimya, malalamiko yako yapeleke Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake. Mara nyingi mtu akishaona mhuri wake mwenyewe kwenye nakala yako, mambo hayafiki huko.

Ikitokea umekubali mashine ipande basi kwenda Dar, sikiliza hapa, kwa sababu hapa ndipo watu wanaharibikiwa mara ya pili. Printa ya matanki ina wino wa maji. Ikilazwa ubavu kwenye buti la basi kwa kilomita zaidi ya 1,100, wino unashuka tumboni, na ikifika utaambiwa “imemwagikiwa, hii si waranti.” Kama mashine yako ina kipini cha kufungia wino, kisogeze hadi kwenye alama ya kusafirisha. Bana vifuniko vya matanki, funga mfuniko wa skana kwa selotepu, iingize kwenye nailoni, kisha boksi lake la awali kama hukulichoma. Andika JUU kwa kalamu nene pande zote nne. Ipige picha pale stendi ya Nyegezi kabla haijapakiwa, na risiti ya mzigo iandikwe “printa”, isiandikwe “boksi.”

Wanafunzi usiwafukuze. Simu ya Android yenye Google Drive ina sehemu ya kuskani ndani yake, na inatoa PDF. Kaa karibu na dirisha mchana, zima balbu ili kivuli cha mkono wako kisianguke kwenye cheti, na cheti kiweke juu ya kitambaa cheusi ili kingo zionekane. Kwa cheti cha kuzaliwa inatosha kabisa. Na usiwatoze bei ya skana, watakusema chuoni.

*

Fundi, printa yangu ya katriji imeishiwa wino wa njano. Mimi nataka kuskani tu, wala sichapi, lakini inagoma hadi niweke wino. Kuskani kunatumia wino? Msomaji, Musoma

JIBU: Hakutumii hata tone. Mashine yako haijaharibika, imeamriwa hivyo kiwandani. Hauko peke yako: Marekani mwaka 2021 mteja mmoja wa New York alifungua kesi dhidi ya kampuni kubwa ya printa kwa jambo hilo hilo, mashine kukataa kuskani kwa kukosa wino. Kwa maoni yangu ni ujanja wa kuuza katriji, basi. Jaribu kushikilia kitufe cha kusimamisha, kile chenye alama nyekundu, kwa sekunde tano au kumi. Baadhi ya mashine hukubali kuendelea. Ikikataa, nunua katriji ya njano ya bei ndogo kuliko zote. Siku utakapobadilisha, nunua skana ya peke yake isiyojua wino ni nini.

*

Nimenunua skana ya mtumba, bapa, haina printa. Nikiiwasha inaguna tu, kichwa hakisogei. Nimetapeliwa? Kijana wa Igoma

JIBU: Pengine bado. Igeuze tumbo juu, au angalia ubavuni, utafute kiswichi kidogo chenye picha ya kufuli. Hicho hufunga kichwa wakati wa kusafirisha, na aliyekuuzia huenda hajui kama kipo. Chomoa umeme, kisukume kwenye kufuli lililo wazi, kisha washa. Ukikuta hakuna kiswichi, niandikie namba ya modeli iliyo kwenye stika ya chini. Boksi la mtumba mara nyingi ni la mashine nyingine.