Qur'ani Hutafsiriwa au Hutarjumiwa?

Swali: Msomaji wetu wa Tanga, anayesomesha madrasa ya akina mama, anaandika: "Ninatayarisha kijitabu cha sura fupi za Juzuu Amma, juzuu ya mwisho ya Qur'ani, Kiarabu upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, na juu ya jalada nimeandika 'Tafsiri ya Juzuu Amma'. Ustadhi mmoja amenikataza, akisema kwamba Qur'ani haitafsiriki na kwamba, hata ingetafsirika, mimi si mfasili. Mbona basi kila Ramadhani baada ya Alasiri tunakaa msikitini kusikiliza darsa la tafsiri? Nimekosea lugha, au nimekosea dini?"

Jibu: Fatwa nawaachia wenyewe, mimi nitashika upande wa lugha, ingawa katika jambo hili pande hizo mbili zimeshonana kiasi kwamba kuzitenganisha kabisa haiwezekani. Wewe na ustadhi mmetumia neno moja kwa maana mbili, na kila mmoja wenu ana haki katika maana aliyoikusudia.

Katika Kiarabu, tafsir ni kufafanua na kufunua maana ya maneno, hasa ya Qur'ani, ilhali kuyahamisha maneno kutoka lugha moja hadi nyingine huitwa tarjama. Neno tafsir limo mara moja tu katika Qur'ani yenyewe, katika aya ya 33 ya Suratul Furqan, na hapo halina uhusiano wowote na kubadilisha lugha. Elimu iliyojengwa juu ya neno hilo, tangu kitabu kikubwa cha al-Tabari aliyefariki mwaka 923 hadi Tafsiri ya Jalalayn inayosomeshwa katika darsa nyingi za pwani yetu, ni Kiarabu kinachofafanua Kiarabu. Ustadhi aliyesoma kwa mkondo huo akisikia "tafsiri", haoni kijitabu chenye kurasa mbili zinazotazamana. Anamwona mwanachuoni aliyebobea katika nahau, hadithi, sababu za kushuka aya, na khitilafu za waliomtangulia. Ndiyo maana akashtuka.

Kiswahili kililipokea neno hilo na kulipa kazi mbili. Sidhani kwamba hilo lilitokana na uzembe wa wasemaji. Nadhani lilitokana na darsa lenyewe. Sheikh hufungua kitabu, akasoma kipande cha aya, akasoma ufafanuzi wake kwa Kiarabu, kisha akainua uso na kusema kwa Kiswahili: "Wal-asri, yaani naapa kwa zama, na wako waliosema kwamba kinachoapiwa ni wakati huu wa Alasiri, na wako waliosema ni Sala yenyewe ya Alasiri." Kwa msikilizaji aliyekaa mkekani, kuhamisha lugha na kufafanua maana kumefanyika kwa pumzi moja, na yote hayo ameyasikia yakiitwa tafsiri. Haikuwa ajabu basi kwamba neno hilo likatoka msikitini na kuenea hata kwenye mikataba, riwaya na ndoto, mpaka leo mwanafunzi wa chuo kikuu anasomea tafsiri bila kukusudia aya hata moja.

Safari hiyo ya neno inaonekana wazi katika majina ya vitabu. Mwaka 1923 mmisionari Godfrey Dale, aliyefanya kazi Zanzibar, alitoa kitabu alichokiita tafsiri ya Kurani ya Kiarabu kwa lugha ya Kiswahili; hapo tafsiri ni kuhamisha lugha tu, na maelezo katika jina hilo aliyataja peke yake. Mwaka 1995 Sheikh Ali Muhsin al-Barwani alikiita kitabu chake tarjama ya Al-Muntakhab katika tafsiri ya Qur'ani Tukufu, akayaweka maneno yote mawili katika jina moja na kulipa kila moja kazi yake: kilichohamishwa lugha ni kitabu cha ufafanuzi, na ufafanuzi huo ndio wa Qur'ani. Kwa maoni yangu, huo ndio mfano bora wa kufuata katika maandishi ya dini.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba ukuta baina ya maneno hayo ni mnene katika Kiarabu chenyewe. Ibn Abbas, binamu yake Mtume na mmoja wa wafasiri wakubwa wa mwanzo, alipewa lakabu ya Turjuman al-Qur'an, yaani mtarjumi wa Qur'ani. Hakuhamisha Qur'ani kwenda lugha nyingine, aliifafanua. Turjuman huyo ndiye tarujumani wa Waswahili wa zamani, mtu aliyesimama baina ya wawili wasioelewana, kabla ya mkalimani kushika nafasi yake.

Tena hakuna anayeweza kutarjumi bila kufasiri. Chukua aya ya 228 ya Suratul Baqara, inayomwamuru mwanamke aliyeachwa angoje quruu tatu. Neno quruu kwa Kiarabu hubeba hedhi na hubeba pia kipindi cha kutoharika baina ya hedhi mbili. Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi ambao ndio wengi pwani kwetu, na Wamaliki pia, hushika maana ya pili. Mahanafi hushika ya kwanza. Khitilafu hiyo si ya vitabuni tu. Kwa rai ya Mashafii na Wamaliki, mwanamke aliyeachwa akiwa katika tohara humaliza eda yake pindi hedhi ya tatu inapoanza. Kwa rai ya Kihanafi humaliza inapokwisha. Siku hizo chache baina ya rai mbili ndizo zinazoamua kama mume bado anaweza kumrejea mkewe bila ndoa mpya. Mtarjumi anayeandika neno moja tu la Kiswahili kwenye aya hiyo ameshachagua madhehebu, ajue asijue. Na akiandika "tohara tatu", atakuwa na tatizo jingine la kwetu wenyewe, kwa sababu msomaji wa bara aliyezoea kwamba tohara ni ile ya jandoni atabaki ameduwaa. Ndiyo sababu baadhi ya waandishi huandika "twahara" wanapokusudia usafi wa kisheria, nami nawaunga mkono.

Nukta nayo hufasiri. Katika aya ya 7 ya Suratu Al Imran, ukisimama baada ya jina la Mwenyezi Mungu, maana ni kwamba hakuna ajuaye undani wa aya zenye kutatanisha ila Yeye. Ukiunganisha na maneno yanayofuata, waliobobea katika elimu nao wanaingia. Msomaji wa Kiarabu ana alama za waqfu, yaani za kusimama, na mwalimu wa kumwelekeza. Mwandishi wa Kiswahili hana budi kuweka nukta mahali, na nukta yake ni rai.

Kauli ya ustadhi kwamba Qur'ani haitafsiriki inaeleweka vizuri zaidi ukiitazama katika ibada. Kwa Mashafii, Alhamdu, yaani Suratul Fatiha, inayosomwa katika Sala haiwi ila kwa Kiarabu, hata kwa asiyekijua. Imamu Abu Hanifa ndiye aliyepokewa kuwa aliruhusu kusoma kwa Kifarsi, na wanafunzi wake wawili wakubwa wakaifunga ruhusa hiyo kwa asiyeweza Kiarabu. Maana inaweza kuhama, lakini kile kilichohama hakiitwi tena Qur'ani. Vivyo hivyo, Mashafii hawakipi kitabu cha tafsiri hukumu ya msahafu katika suala la udhu iwapo maneno ya ufafanuzi ni mengi kuliko ya aya. Ustadhi, kwa hiyo, alikusudia kusema kwamba hakuna Kiswahili kitakachosimama mahali pa Kiarabu cha Qur'ani, na hilo halipingwi. Angesema "haina badala", pengine msingegombana.

Kuhusu jalada lako: kama upande wa Kiswahili una maana ya aya peke yake, andika "Tarjuma ya Maana ya Juzuu Amma". Tarjuma na tarjama zote zinatumika; chagua moja na ushikamane nayo, na kitenzi chake ni tarjumi. Kama chini ya kila sura umeongeza maelezo uliyoyatoa katika vitabu vya wanavyuoni, unaweza kuongeza "pamoja na Maelezo", na neno tafsiri uliache lilale. Nje ya uwanja huu usimsahihishe mtu anayesema ametafsiri barua au hotuba; hicho ni Kiswahili safi.

Na jina lako liandike chini ya "Mtarjumi". Mfasiri lingefaa kwa kitabu kingine chochote, ila hapa litamrudisha ustadhi mlangoni kwako. Ama "mfasili" uliyemnukuu, sina hakika kama l hiyo ni ya ustadhi au ya kalamu yako, lakini anayefasiri ni mfasiri. Fasili ni ile ya kutoa maana ya neno au dhana, na ile ya mtu asiye na asili wala fasili.