Jibu: KDS ya 4, 6 na 10 si 120

Umeuliza kama KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika bila baki kwa kila namba uliyopewa) ya 4, 6 na 10 ni 120. Usiandike 120. Kabla hujamfundisha mwanao kwamba KDS ya namba tatu hupatikana kwa kuzidisha zote na kugawanya zao lake kwa KKS (kigawo kikubwa cha shirika, yaani namba kubwa kuliko zote inayozigawanya zote bila baki), orodhesha kwanza vigawe vya 10: 10, 20, 30, 40, 50, 60. Simama hapo, kwa kuwa 60 inagawanyika kwa 4 na kwa 6 bila baki. Hiyo 120 uliyoipata kwa kugawanya 240 kwa 2 ni kigawe cha shirika, naam, lakini si kilicho kidogo kuliko vyote.

Kanuni hiyohiyo ilinifedhehesha. Nilikabidhiwa ratiba ya matengenezo ya mashine tatu, ambapo ya kwanza ilipaswa kusimamishwa kila baada ya siku 6, ya pili kila baada ya siku 10, na ya tatu kila baada ya siku 15. Fundi alikuwa mmoja tu, kwa hiyo nilitakiwa kusema ni lini zote zitasimama kwa pamoja ili atafutwe msaidizi. KKS ya namba hizo ni 1. Nikazidisha nikapata 900, nikagawanya kwa 1 kwa makini yote, kisha nikaandika kwa wino kwamba zitakutana siku ya 900, yaani baada ya takriban miaka miwili na nusu. Zilikutana siku ya 30. Fundi alinijia na ratiba yangu mkononi akiuliza aanze na ipi, kazi ikalala siku nzima, na ujira wa msaidizi wa dharura ukatoka mfukoni mwangu. Najitetea kwa jambo moja tu: 6 mara 10 mara 15 ni 900 mpaka kesho.

Aliyenifundisha kanuni ile ndiye ninayemlaumu hadi leo. Alituonyesha 12 na 18, akazidisha akapata 216, akagawanya kwa 6, ikaja 36, nasi tukapiga makofi. Ni kweli, na kwa namba mbili ni kweli daima. Ila hilo neno "mbili" hakulitamka hata mara moja, nami nikaibeba kanuni kama funguo wa milango yote.

Tatizo ni kwamba 6 na 10 zinashirikiana 2, 6 na 15 zinashirikiana 3, na 10 na 15 zinashirikiana 5, lakini hakuna kigawo kinachozishirikisha zote tatu isipokuwa 1. Ukizidisha, kila moja ya hizo 2, 3 na 5 inaingia mara mbili ilhali mara moja ingetosha, na KKS haioni ziada hiyo.

Kwa hiyo orodhesha vigawe vya namba iliyo kubwa zaidi, na usimame kwenye cha kwanza kinachogawanyika kwa nyingine zote. Wapo watakaokucheka kwamba hiyo ni njia ya watoto wadogo. Waache wacheke. Mpe mwanao 6, 10 na 15 leo: akiorodhesha vigawe vya 15 atasimama kwenye cha pili, wakati mimi nilikuwa bado natafuta KKS.