Mifupa ikilandana, usiridhike bado

Wenzangu mnaoanza kazi ya kupanga tiba ya mionzi, kompyuta ikisema picha za CT na MRI za mgonjwa zimelandana, yaani zimekaa sawasawa moja juu ya nyingine, msikubali mpaka mhakikishe wenyewe, tena palepale penye uvimbe.

CT, picha ya vipande ya eksirei, ndiyo inayotupa densiti (msongamano) ya tishu, na bila hiyo dozi ya mionzi haikokotolewi. Ila kwenye nyonga, CT huonyesha misuli, mfuko wa uzazi na saratani kwa kijivu kinachokaribiana mno. Mpaka wa uvimbe tunausoma kwenye MRI, picha ya sumaku, kisha tunauhamishia kwenye CT. Picha zikipishana milimita tano, mionzi nayo itaelekezwa kando, tangu siku ya kwanza ya tiba hadi ya mwisho.

Chukua saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Mgonjwa kapigwa CT kibofu kimejaa, kwenye kitanda bapa. MRI alipiga kwingine, kibofu kitupu, kitanda kimebonyea katikati. Programu itashika mifupa ya nyonga na kuilandanisha barabara. Mfuko wa uzazi utakuwa kwingine kabisa, kwa sababu kibofu kikijaa huusukuma. Hapo mimi huiacha mifupa nikalandanisha mlango wa kizazi wenyewe. Kisha naburuta taratibu kidirisha cha picha mbili, ndani MRI na nje CT, juu ya ukingo wake. Mstari wa ukingo huo ukikatika, kazi haijaisha.

Kichwani ni rahisi zaidi, fuvu halibadiliki umbo. Kwenye uti wa mgongo hesabu pingili kuanzia juu, maana zinafanana na programu huweza kunasa ya jirani.

Zile programu zinazovuta na kukunja picha moja ili ifanane na nyingine, nazitumia kwa tahadhari kubwa. Uvimbe uliosinyaa baada ya dawa zinaweza kuutanua urudi ukubwa wa zamani, na kwenye skrini kila kitu kikaonekana safi. Mwongozo wa TG-132 wa chama cha wafizikia tiba cha Marekani, AAPM, uliotoka 2017, unasisitiza kila ulandanishaji ukaguliwe na uandikiwe ripoti. Ufuateni hata siku za foleni ndefu.

Lakini kazi kubwa hufanyika kabla ya kompyuta. Pigia simu chumba cha MRI mapema: mlalo uwe uleule, kitanda bapa kama kipo, tarehe isiwe mbali na ya CT. Zungumza na mgonjwa pia. "Mama, nenda chooni kwanza, halafu kunywa maji haya yote, usiende tena mpaka tukuite." Mweleze na sababu, akiielewa, atavumilia. MRI ni ghali, na wengi wametoka mikoani kwa nauli ya kuchangiwa na ndugu. Kumrudisha kupima upya kunauma.

Kwenye faili andika MRI ni ya lini, kibofu kilikuwaje, umelandanisha kwa kufuata nini, na wapi hapaaminiki. Daktari anayechora uvimbe anahitaji kulijua hilo kabla hajaamua ukingo wa usalama, yaani nafasi ya ziada kuzunguka uvimbe, uwe mpana kiasi gani.