Maswali ya Wasomaji: Rangi Inapozama Kitambaani

Katika toleo lililopita tulimtaja Helen Frankenthaler, mchoraji wa sanaa dhahania wa New York aliyezaliwa 1928 na kufariki 2011. Barua zilizokuja ni za aina mbili. Wengine wanauliza alibadilikaje katika miaka zaidi ya hamsini ya kazi. Wengine wamekwisha kujaribu mtindo wake wa kumwaga rangi, na sasa wana kitambaa kilichoharibika na sakafu yenye madoa. Hao ndio wengi.

Nimeona picha ya mchoro wake wa 1952 na mwingine wa 1963. Kwangu yote ni madoa tu. Tofauti iko wapi? (Msomaji, Mombasa)

Tazama kingo za rangi, usitazame maumbo.

Mchoro wa 1952 ni Mountains and Sea, yaani Milima na Bahari, wenye upana unaokaribia mita 3 na kimo kinachozidi mita 2. Aliuchora tarehe 26 Oktoba, akiwa na miaka 23, baada ya safari ya Nova Scotia, Kanada. Alitandika turubai ya pamba sakafuni bila kuipaka rangi ya msingi, akachora mistari michache kwa mkaa, halafu akamwaga rangi ya mafuta aliyoizimua kwa tapentaini hadi ikawa nyepesi kama chai. Jackson Pollock, mchoraji mwingine wa dhahania wa Marekani, alikuwa ametangulia kuweka turubai chini, ila mara nyingi rangi yake iligandia juu ya kitambaa. Ya Frankenthaler ilizama ndani. Ukiutazama kwa karibu utaona utando wa mafuta umetoka nje ya rangi na kuizunguka, kama doa la chapati kwenye karatasi.

Mchoro wa 1963, bila shaka, ni The Bay, ulioko Detroit. Hapo utando haupo. Bluu imekaa kama ziwa, kingo zake zinasomeka, na mistari ya mkaa imetoweka. Kilichobadilika katikati ni rangi yenyewe: kuanzia 1962 alihamia akriliki, inayozimuliwa kwa maji. Maji hukauka na kwenda zake, mafuta hubaki. Kwa kuwa ukingo sasa ulijitosheleza, hakuhitaji tena mstari wa kuonyesha umbo linaishia wapi, na madoa yakaanza kukua. Kufikia Flood ya 1967, rangi ya chungwa na ya waridi inashuka kutoka juu kama anga la magharibi na kukaribia kuijaza turubai nzima. Baadaye aliongeza mabonge ya rangi nzito juu ya madoa. Hayo, kwa macho yetu, hayana nguvu ya kazi za miaka ya sitini.

Nimetumia rangi ya mafuta na tapentaini juu ya kitambaa cha marekani. Baada ya miezi michache kuna duara la manjano kuzunguka kila doa, na kitambaa kimekuwa kikavu kama karatasi. Nimekosea wapi? (Msomaji, Morogoro)

Hujakosea hatua yoyote. Mbinu yenyewe ndiyo yenye kasoro, na Frankenthaler alikutana nayo pia. Mafuta ya kitani yaliyomo kwenye rangi hukauka kwa kuvuta oksijeni, na yanapokauka hutoa asidi. Asidi hiyo hula nyuzi za pamba. Kitambaa hugeuka kahawia, kisha huanza kukatika. Ndiyo maana wachoraji wa zamani walitangulia kupaka gundi na rangi ya msingi, ili mafuta yasiiguse pamba. Ukipaka msingi, rangi haizami tena, na mtindo wote unapotea. Kwa hiyo ukitaka kulowesha, acha mafuta, tumia akriliki. Kitambaa ulichonacho hakiponyeki. Kisikunjwe tena, na usikivute kwenye fremu.

Matambara uliyofutia mafuta ya kitani usiyarundike pembeni. Hujipasha moto yenyewe na yanaweza kuwaka bila kiberiti. Yaloweke kwenye ndoo ya maji, au yatandaze nje yakauke moja moja.

Marekani, kwa njia, inafaa kabisa kwa mazoezi. Kitambaa hicho kilipewa jina hilo karne ya 19, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walipokuwa wakikileta Unguja, kwa hiyo mchoraji wa Marekani na msomaji wetu wa Morogoro hawako mbali kama inavyodhaniwa. Tatizo lake ni wembamba. Kwa kazi ya kudumu tafuta turubai ya pamba ya gramu 340 hivi kwa mita ya mraba.

Mimi natumia akriliki na maji. Kwanza rangi ilikataa kuingia, ikatiririka kama maji juu ya jani la mgomba. Nilipoongeza maji iliingia, lakini ikikauka inatoka kwenye vidole kama chaki. (Msomaji, Nairobi)

Hayo ni makosa mawili, tena la pili limezaliwa na dawa ya la kwanza.

Rangi ilikataa kwa sababu kitambaa kipya kina wanga wa kiwandani. Kifue kwa maji ya moto na sabuni kidogo, kisuuze mara mbili, kianike, kisha ukipige pasi. Kitanywea, kwa hiyo kikate kwa ziada ya sentimita 10 kila upande. Halafu, kabla ya kumwaga, kinyunyizie maji kiwe na unyevu bila kudondosha. Kikavu hutoa ukingo mkali. Kibichi huiacha rangi itambae. Amua mapema unataka upi.

Chaki ni alama kwamba umeongeza maji mengi mno. Ndani ya akriliki kuna utomvu unaoshika chembe za rangi, na ukizimua kupita kiasi chembe hubaki bila cha kuzishika. Badala ya maji matupu, changanya kijiko 1 cha rangi, kijiko 1 cha midiamu ya akriliki (utomvu huo huo, bila rangi) na vijiko 4 hadi 6 vya maji. Tone 1 la sabuni ya vyombo katika lita 1 ya maji husaidia kupenya. Matone matano yatakupa povu, na povu likipasuka huacha vishimo vyeupe.

Tandika nailoni chini. Rangi ikipita hukusanya dimbwi mgongoni mwa kitambaa, na dimbwi hilo hupanda tena na kutia doa ambalo hukulipanga. Mara mng'ao wa maji ukitoweka juu, inua kitambaa, futa nailoni, kirudishe. Mimina kidogo kidogo kutoka kwenye kopo, sukuma kwa sponji, na usijaribu kufuta ulipokosea, maana hapa maji yakimwagika hayazoleki kweli. Kuna rekebisho moja tu, nalo Frankenthaler alilitumia sana: kata. Alimaliza kwanza, ndipo akaamua mpaka wa mchoro uwe wapi na upande upi uwe juu.

Kwa nini mtu wa kumwaga rangi aligeukia kuchonga mbao za kupigia chapa? (Msomaji, Bagamoyo)

Bila shaka ugumu ulimvutia: ubao haunyonyi unavyotaka wewe. Katika East and Beyond ya 1973 maumbo yalikatwa vipande kwa msumeno mwembamba, kila kipande kikapakwa wino wake na kupigwa chapa. Katika Essence Mulberry ya 1977 alifuata rangi ya forsadi kutoka kwenye mti uliokuwa nje ya karakana. Aliukwaruza ubao kwa msasa, hata kwa vifaa vya daktari wa meno, ili usiwe laini kupita kiasi. Kilele ni Madame Butterfly ya 2000: karatasi tatu zilizotengenezwa kwa mkono, mbao 46, rangi 102. Ukiiona mbali utaapa imemwagwa. Mishipa ya mti ndiyo inayofanya kazi iliyokuwa ikifanywa na nyuzi za turubai.

Nisafisheje mchoro wa namna hii? (Msomaji, Tanga)

Usitumie kitambaa kibichi, wala usiupake vanishi. Turubai tupu hunyonya uchafu pamoja na maji, na vanishi huitia giza pamba iliyo wazi. Vumbi litoe kwa brashi laini, kutoka juu kwenda chini. Uning'inize mbali na dirisha, na ukutani acha nafasi ya vidole viwili nyuma ya fremu. Kwa hewa ya pwani, nafasi hiyo ndiyo inayozuia ukungu.