Jibu kwa mama wa kijana wa miaka 13 aliye kasho (mahabusu ya polisi): tafuta karatasi ya umri

Mama, umeandika kwamba kijana wako wa miaka 13 ameshikwa hapa Lubumbashi, kwenye soko la mtaa wa Kenya, kwa kushukiwa kuiba simu ya mtu, yuko kasho tangu jana, na unatishwa kwamba atapelekwa Kasapa, gereza kuu la hapa. Kabla ya kutafuta pesa, tafuta karatasi inayoonyesha alizaliwa lini.

Sheria ya Kongo ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inasema wazi: aliye chini ya miaka 14 hahukumiwi kwa jinai, hata akikiri mwenyewe. Hakimu akiletewa mtoto kama huyo humwachilia, na anaweza kumpa mtu wa huduma za jamii wa kumfuatilia. Ila simu ya watu mtailipa ninyi wazazi.

Nayajua haya kwa sababu ya mtoto wa dada yangu. Alishikwa mtaa wa Katuba, miaka 15, yeye na wenzake wamekata waya za umeme. Ni mrefu, sauti imeshakuwa nzito. OPJ, yaani afisa wa polisi anayepeleleza kesi, akaandika miaka 19 kwenye PV (karatasi ya maelezo ya polisi) bila kumuuliza mtu yeyote. Kijana akalala siku nne na wanaume wazima. Siku nne! Dada alikuwa akimpelekea bukari (ugali) asubuhi na jioni, na kila akifika anaombwa franga ndipo mlango ufunguliwe. Hadi leo kijana hasimulii yaliyompata mle, nami simuulizi.

Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho, alizaliwa nyumbani. Kilichotuokoa ni kadi ya chanjo, karatasi ya ubatizo na buletini ya shule (ripoti ya alama zake). Avoka (wakili) mmoja aliyetusaidia bure ndiye aliyetufungua macho: cheti kikikosekana sheria inakubali ushahidi mwingine, na umri ukiwa na shaka, mtu anahesabiwa mtoto. Tukatoa fotokopi, zile zenyewe dada akazifunga kwenye kitenge chake. Parke (ofisi ya waendesha mashtaka) wakazisoma, faili likahamia mahakama ya watoto.

Huko milango ilifungwa, watu wa nje hawakuingia. Hakimu alimsemesha kwa Kiswahili, akamuuliza habari za shule. Kwa wenye miaka 14 hadi chini ya 18, hakimu hakati miaka ya gereza: anamkaripia mtoto na kumrudisha kwa wazazi, au anamkabidhi kwa familia nyingine, au anamweka kwenye nyumba ya malezi. Wetu alirudi kwa mama yake, na sasa anajifunza kuchomelea vyuma.

Kwa hiyo nenda leo, usiende peke yako, mchukue baba yake au mjomba. Omba usomewe PV. Ukikuta umri si wake, usitie sahihi, sema pale pale na utoe fotokopi. Ukishamwona andika hapa, utuambie pia kama amekula.